Futi na Zuio la Nyumba ya Baba

Jumapili, tarehe 9 Septemba 2012, saa tisa alasiri, sebuleni katika nyumba ya baba, walikuwepo wafuatao: mama mzazi, kwenye kiti chake cha dirishani; kaka mkubwa, karani mstaafu wa mahakama na msimamizi wa mirathi ya baba; mume wa marehemu, fundi bomba; binti yao wa kwanza, muuguzi; binti yao wa pili, aliyekuwa bado masomoni; fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha uani kwa miaka kumi na tisa; na marehemu mwenyewe, ambaye jina lake la vyeti limeandikwa juu ya jeneza bila kukosewa herufi, lakini nyumbani aliitwa Futi. Siku hiyo Futi alitangaza kwamba, akiwa na miaka hamsini na minne, amepokelewa chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya uendelezaji milki, yaani elimu ya kuthamini viwanja, kuvijenga, kuvipangisha na kuviuza. Mama alipiga kigelegele. Kaka mkubwa alisikia neno la mwisho tu.

Futi alizaliwa tarehe 20 Aprili 1958, katika chumba cha kulia ukiingia nyumba hiyo hiyo, akiwa mtoto wa mwisho. Jina la Futi alipewa na baba alipokuwa na miaka sita, baada ya kukutwa akipima mlango kwa kamba yenye mafundo na kutangaza kwamba kabati jipya la mama halitapita, na kweli halikupita. Alisoma shule ya msingi mwaka 1965 hadi 1971, sekondari 1972 hadi 1975, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu uchoraji wa ramani mwaka 1978. Aliajiriwa katika ofisi ya ujenzi ya manispaa tarehe 2 Januari 1979, akakaa kwenye meza ile ile hadi alipostaafu mwaka 2013. Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1984 na mwaka 1991.

Historia hii ingeweza kuiruka miaka inayofuata, lakini kaka mkubwa, ambaye ndiye aliyeiandika, ameagiza isomwe kama ilivyo.

Kaka mkubwa alijiuliza mwanamke anayekaribia kustaafu anataka nini na elimu ya kuuza nyumba, maana mtu haoti meno uzeeni ila ana kitu cha kutafuna. Kila Jumamosi Futi alikuja na futikamba na daftari, akapima vyumba, korido, uani, hata kivuli cha ukuta, akisema ni utafiti wa tasnifu yake. Fundi cherehani alimtania, "Dada Futi, ukimaliza chumba nipime na mimi, huenda nina thamani." Naye akajibu, "Wewe umeshachakaa, fundi, nitakuandika pamoja na mabati." Uani kote walicheka. Kaka mkubwa, aliyekuwa nyuma ya pazia, hakucheka, aliandika tarehe. Alikuwa akimwambia mama kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na mama alimjibu kwamba nguo zake yeye azifue kwanza.

Tarehe 8 Oktoba 2012, bila kumwambia mtu, alikwenda kwa msajili wa hati na kuweka zuio la miaka miwili, ili jambo lolote juu ya kiwanja kile lisisajiliwe, awe ni nani aliyelileta. Mwezi Februari 2013 alikuja mlangoni bwana mmoja wa kampuni ya majengo, mwenye viatu vya kung'aa, akasema, "Mzee wetu, liondoe lile zuio tumalize jambo letu." Kaka mkubwa alimkumbuka, kwani alishawahi kuja mwaka 2011 kuomba ruhusa ya kukagua kiwanja. Alimjibu, "Mwambie huyo aliyekutuma, hapa haliuzwi hata tofali." Bwana yule akaapa kwamba hakutumwa na mtu, na kwa kiapo hicho kaka mkubwa akawa na hakika kwamba ametumwa na Futi.

Mwezi Septemba 2014, Futi alipokuwa akitoka getini na madaftari yake, aligeuka akasema, "Kaka, zuio lako linaisha mwezi ujao, usisahau kulihuisha." Chai ilimpalia kaka mkubwa. Aliona ni dharau, au mtego, na kwa vyovyote alikuwa kwa msajili kabla mlango haujafunguliwa. Tangu hapo walibaki na salamu tu. Futi alitunukiwa shahada yake tarehe 21 Novemba 2015, na kaka mkubwa hakuhudhuria, alisema mguu unamuuma, na mguu haukuwa unamuuma. Tarehe 18 Mei 2016 Futi alikuja akamwambia, "Sasa ukitaka liondoe, ukitaka liache." Akaliacha.

Mwezi Machi 2017 Futi aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Jumatatu iliyopita, tarehe 5 Februari 2018, binti yake muuguzi aliweka tasnifu ya mama yake juu ya meza ya kaka mkubwa, akasema, "Mjomba, soma kiambatisho cha tatu."

Kilikuwa mkataba wa kurasa kumi na moja, majina yamefutwa kwa wino mweusi, unaoikabidhi kampuni ya majengo kiwanja chote kwa miaka sitini, kwa sharti kwamba usiposajiliwa ndani ya miaka mitano, unakufa. Ulikuwa wa tarehe 17 Mei 2011. Sahihi nayo ilifutwa, ila mkia wa herufi ya mwisho ulitokeza chini ya wino, mkia ambao kaka mkubwa alifundishwa shuleni kwa kuchapwa rula juu ya mgongo wa mkono. Alikumbuka viatu vya kung'aa, na sauti ikisema, "Mzee, mwandiko kama wako siku hizi haupo." Alikuwa amesoma ukurasa wa kwanza, ulioandikwa ruhusa ya kukagua, akatia sahihi kwenye wa mwisho, yeye aliyewaambia watu mahakamani kwa miaka thelathini na mmoja kwamba wasome kwanza. Nakala ilikaa katika sanduku la hati, na Futi aliikuta mwezi Julai 2012, miezi miwili kabla ya kulitaja lile neno la kuuza mbele ya kaka yake, alipotumwa na mama kutafuta kadi ya kliniki. Chini ya kiambatisho ameandika kwamba mkataba huo ulikufa kwa sababu ya zuio la "msimamizi makini wa mirathi". Hakumwambia mtu mwingine yeyote ila binti yake.

Kwa kuwa kilichobaki ni kifupi, familia inatanguliza hapa shukrani zake kwa madaktari na wauguzi, kwa majirani waliopokezana zamu za kumpeleka hospitali, kwa wenzake wa ofisi ya ujenzi, na kwa walimu wake wa chuo. Futi ameacha mama, kaka, mume, mabinti wawili na wajukuu watatu. Nyumba ipo, Futi, nawe pumzika.

Jumanne kaka mkubwa alifika wodini alikolazwa Futi saa tano kasoro robo, na tasnifu mkononi, kipande cha karatasi kikiwa kwenye kiambatisho cha tatu. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Futi alifariki tarehe 6 Februari 2018, saa nne na dakika kumi asubuhi.