Mama Hélène Nabintu na Kitabu cha Hoogekreek

Mama Hélène Nabintu hakupenda sifa za bure, kwa hiyo hatutampa. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Kamanyola, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa mzee Zihindula, mkulima wa pamba.

Alisoma kwa masista wa Uvira, akapata diploma ya ushonaji mwaka 1980. Masista waliandika kwamba ana mikono mizuri na mdomo mgumu. Cheti hicho alikitundika ukutani kila alikohamia.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Gaston Bahati, dereva wa lori, wakajaliwa mtoto mmoja, Hénock. Gaston aliuawa vitani mwaka 1996. Mama Hélène alikimbia na mtoto, na mwaka 1998 wakapokelewa Uholanzi, katika manispaa ndogo ya Hoogekreek.

Watu wa Hoogekreek hawakumwacha mgeni apumue kabla ya kumsimulia historia yao: mababu zao walijenga ukuta wa udongo mwaka 1614, wakaisukuma bahari, wakalima kitani, kisha viazi vya kutengenezea sukari, mwisho vitunguu. Vitunguu viliwajengea bwawa la kuogelea na ofisi yenye sakafu ya marumaru. Waliovichambua hawakutajwa. Walikuwa wanawake thelathini, Wapolandi, Wasomali na Mama Hélène, aliyesimama mbele ya mashine miaka kumi na mitatu, vumbi la maganda likimchoma macho. Alisema wenyeji wale humsalimia mbwa kwa jina na binadamu kwa kidevu.

Mwaka 2014 manispaa ilitimiza miaka mia nne, ikatoa kitabu kinene cha historia na uchumi wake. Sura ya vitunguu iliandikwa na Hénock, wakati huo karani wa ofisi ya uchumi. Mama alialikwa safu ya mbele, akaombwa avae kitenge apigwe picha. Akafungua kitabu. Mashine ilikuwamo, na uzito inaoumudu kwa saa. Mbwa wa kiwanda alikuwamo, na jina lake. Akamgeukia mwanawe mbele ya watu.

"Sisi tuko ukurasa gani?"

Hénock alijibu kwamba sura ilikuwa ndefu, meya akaagiza ipunguzwe.

"Basi umempunguza mama yako."

Aliacha kitabu juu ya kiti cha meya, akaenda zake bila picha. Miezi minane baadaye alikuwa hapa Johannesburg, mtaa wa Berea, kwa mdogo wake Agnès, anayesoma wasifu huu. Kwa miaka tisa hakupokea simu ya mwanawe.

Hapa alishona sare za shule na majoho ya kwaya katika chumba chake cha Jules Street, Malvern. Mteja akitamani Ulaya, Mama alimsimulia Hoogekreek yote, toka ukuta hadi vitunguu, huku akipinda sketi. Miaka mia nne ilikwisha kabla ya pindo kukwisha. "Ni hayo tu," alisema, na kukata uzi.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwaka 2022. Mwaka jana, hali ilipozidi, Hénock alikuja. Alimweleza mama kwamba aliomba kitabu kirekebishwe, na baraza linajadili.

"Watajadili mpaka bahari irudi," Mama alisema.

Ndipo Hénock akasema kwamba ameacha kazi ile.

"Umechelewa," Mama alimwambia. "Lakini keti."

Aliketi siku kumi na moja, akimwosha miguu na kumlisha uji, wala kitabu hakikutajwa tena. Mama Hélène alifariki asubuhi ya tarehe 9 mwezi huu, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Ameacha dada, Agnès. Wajukuu wawili, Chloé na Exaucé. Na mwana mmoja, Hénock, aliyeombwa azungumze leo akasema hana la kujitetea.

Bwana amlaze mahali pa utulivu.