Paja la Iosua

Kwenye benchi la Mama Lagi, muuza koko, ile kakao ya kunywa ya Samoa, nyuma ya soko la Apia, hakuna siri inayofika kikombe cha pili. Redio yupo pale kabla koko haijachemka, na jina hilo hakulipata bure. Pembeni yake hukaa Shemasi, shemasi kweli wa kanisa, ila akija kijiweni Biblia huiacha garini. Asubuhi hiyo akaja Iosua, seremala, akakalia tako moja kama anayeogopa kuvunja yai. Alikuwa katikati ya kuchorwa pe'a, tatuu ya wanaume inayoanzia kiunoni na kuishia magotini, na paja la kushoto lilikuwa limevimba, linawaka. Aliogopa kufa. Aliogopa zaidi daktari kumwambia aache, maana pe'a isiyomalizika ni aibu ya ukoo mzima, na mtu huzikwa nayo.

— Hiyo homa, bwana mdogo, — Redio alianza. — Unatetemeka na jua lote hili!

— Baridi ya asubuhi tu, kaka.

— Baridi ya wapi, Apia? Hebu inua lavalava tuone.

Iosua akainua kidogo pindo la shuka aliyojifunga kiunoni. Mama Lagi akageuza uso.

— Lo! Wadudu wa damu hao, — Redio alisema. — Wanapanda hivi: kinena, tumbo, moyo. Wakifika moyoni, kwaheri ya kuonana.

— Usimtishe mtoto wa watu, — Shemasi alidakia. — Ni nyama ya kopo. Umekula nyama ya kopo?

— Jumapili. Kidogo tu.

— Umeona? Chumvi yake yote imekimbilia pajani.

— Chumvi gani, Shemasi! Binamu yangu wa kisiwa cha Savai'i alivimba hivihivi. Mguu wakaukata, nusu ya pe'a ikabaki kwenye ndoo ya hospitali.

Iosua akauona mguu wake ndoani, mistari na yote.

— Na mguu uliobaki? — aliuliza.

— Fundi aliumalizia kuuchora. Angefanyaje?

— Mpelekeni hospitali, jamani! — Mama Lagi alifoka.

— Haraka haraka haina baraka, mama, — Shemasi alimjibu. — Na maji akishayavulia nguo, hana budi kuyaoga. Akandwe kwa maji ya chumvi yanayotokota. Dawa ya moto ni moto. Kisha asubiri. Subira huvuta heri, huvuta na usaha.

— Mimi naogopa, Shemasi, — Iosua alisema. — Nikilala naweka kidole shingoni, nasikiliza kama mshipa bado unapiga.

Hapo hata Redio hakucheka.

Mama mmoja mgeni, kapu la majimbi miguuni, alikuwa amesimama akingoja kikombe chake.

— Samahanini, wazee wangu. Mimi natoka shamba. Kwetu pe'a huchorwa wawili, wanapokezana mkeka mmoja, chanuo la fundi la kuchomea wino lilelile. Mwenzake huyu anaendeleaje?

Wote wakamgeukia Iosua.

Tanielu, mwenzake wa mkekani. Tangu Jumamosi Tanielu hapokei simu, na Iosua alikuwa ameshukuru Mungu, maana hakutaka mwenzake ajue ana homa. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba Tanielu naye anaweza kuwa na ya kwake ya kuficha. Aliona haya, kisha hofu ikaimeza haya. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

— Anakaa na nani? — mama wa majimbi aliuliza.

— Yuko peke yake. Watu wa nyumbani wamevuka kisiwa cha pili kwenda msibani.

Redio aliinuka, akaenda kuwasha gari lake waende kwa Tanielu. Iosua akamfuata akichechemea, simu iko sikioni, inaita.