Siku Tuliyomhamisha Mama Pindo

Benchi ni langu. Nililigongomea misumari mwenyewe ili wateja wanaosubiri viatu wapate pa kukaa, na tangu siku hiyo hakuna mteja aliyewahi kukaa. Wenyewe ni Masjala, karani mstaafu aliyetunza mafaili ya serikali mpaka nywele zikamwisha, na Bomba, fundi wa mabomba ambaye kila siku yuko njiani kwenda kazini. Juzi lakini benchi lilikuwa tupu. Bomba alikuwa amejilaza juu ya kitanda cha Mama Pindo, jirani yetu fundi cherehani, hapo hapo kando ya barabara, na Masjala amekalia kiti cha cherehani ya mama huyo. Asubuhi ile tulikuwa tumemhamisha mama wa watu. Jiji limetoa sheria mpya: ukipangisha wageni wa siku mbili tatu nyumbani kwako, sharti ukaguliwe, upewe kibali. Mkaguzi alitarajiwa saa nne, na aliyesema tutoe vitu vyote vya mama nje ni Masjala, kwa sababu ndiye aliyeisoma barua. Mimi nilibeba kitanda upande wa miguuni, kwa hiyo nami nimo.

Mama Pindo alitumiminia kahawa, birika likiwa juu ya meza ya cherehani.

MAMA PINDO: Baba, una hakika kweli? Ndani kimebaki chumba cha mgeni tu. Hata sufuria zangu ziko huku kwenye karai.

MASJALA: Barua inasema, "Nyumba iwe katika hali inayofaa kupokea wageni." Umeshaona hoteli yenye cherehani sebuleni?

BOMBA: Mimi sijaona. Ila hotelini kwenyewe sijawahi kuingia, labda kuzibua choo.

MAMA PINDO: Msinichekeshe, roho yangu iko juu. Nikikosa kibali nafunga chumba. Na nikifunga chumba nauza nyumba, nikaishi kwa kaka yangu. Uzee huu nikalale kwenye kochi la wifi!

Wifi yake tunamjua. Chumba chenyewe ni cha binti yake aliyekwenda kusomea uuguzi. Wageni wanalala humo, asubuhi wanakunywa chai na mama, wengine wanaondoka na suruali zimepindwa bure.

BOMBA: Lakini jiji na chumba kimoja wapi na wapi?

MIMI: Si chumba kimoja. Litazame ghorofa la kona. Wapangaji wote wametolewa, kila mlango una kisanduku cha kuwekea ufunguo. Mgeni anabonyeza namba, analala, anakwenda zake. Mwalimu aliyekuwa anakaa pale sasa anasafiri saa nzima kuja shule. Na wageni hawashoni viatu, siku mbili hazimalizi soli. Jiji lisipoingilia, hapa nitamshonea nani?

BOMBA: Hayo ni ya juu juu. Mimi nashinda chini ya ardhi, nawajua hawa. Wametega mita kwenye mabomba ya maji machafu. Wanahesabu nani kalala wapi.

MASJALA: Wanahesabuje?

BOMBA: Kila mtu na uzito wake, mzee.

MASJALA: Acha upuuzi. Mpango ni mkubwa. Mtaa mzima utakuwa hoteli moja. Pale mwanzo wa barabara wataweka meza na kengele. Ukitaka kumwona mama yako mzazi, unasaini kitabu.

BOMBA: Na saa nne asubuhi wote nje, vyumba vifagiliwe!

MASJALA: Pamoja na kuku.

MIMI: Na mtoto akizaliwa?

MASJALA: Anaandikwa mgeni.

BOMBA: Akifa je?

MASJALA: Ameondoka bila kurudisha ufunguo. Watoto wake watatozwa.

Mama Pindo alicheka mpaka akashika ubavu. Tulikuwa bado tunacheka alipotokea dada mmoja mwenye faili kwapani. Mimi mtu namwanzia chini: raba zake zilikuwa zimelika kisigino cha kulia. Huyu hutembea kazi nzima kwa miguu.

DADA: Shikamooni. Samahani, nimetoka nyumba ile pale, imefunguliwa ila haina mtu. Mwenyewe anaishi wapi?

Bomba aliketi polepole, akatandika shuka alipokuwa amelala.

MASJALA: Anaishi... yaani, kwa mujibu wa barua...

BOMBA: Mpaka saa moja alikuwa anaishi pale.

DADA: Na sasa hivi?

Nilimwangalia Masjala, Masjala akaangalia kahawa.

DADA: Mimi ndiye mkaguzi. Hiyo barua mliisoma yote?

MASJALA: Neno kwa neno.

Dada aliichukua, akaigeuza, akasoma: "Kibali cha chumba kimoja atapewa mwenye nyumba anayeishi humo mwenyewe."

MASJALA: Mgongoni? Miaka thelathini na moja nimekaa masjala, barua ya serikali haijawahi kuandikwa mgongoni!

DADA: Siku hizi tunabana karatasi, baba.

MAMA PINDO: Niliingia nyumba ile nikiwa bibi harusi. Leo mmenitoa, na mlango niliwafungulia mimi mwenyewe! Sina hata nguvu ya kuwatukana.

Niliona haya. Nasema kweli, niliona haya mpaka nyundo ikawa nzito mkononi.

DADA: Mama, kitanda hiki kinakaa chumba gani?

MAMA PINDO: Cha mbele, mwanangu. Na cherehani dirishani, napata mwanga.

DADA: Sheria hii haikuletwa kwa ajili yako. Imeletwa kwa ajili ya wenye visanduku mlangoni. Lakini mimi naandika ninachokikuta ndani, si ninachosimuliwa barabarani. Nina ghorofa la kona la kukagua, na pale nitachukua muda. Saa sita nitapita tena.

Hakugeuka nyuma, na sisi hatukumaliza kahawa. Bomba alibeba kitanda kichwani peke yake. Masjala alitangulia na karai la sufuria, akiomba radhi kila hatua. Mimi nilikumbatia cherehani kama mtoto mgonjwa. Mama Pindo alisimama mlangoni akituamuru: huku, si huko, mguu huo, ukuta wangu! Kila alivyozidi kutufokea ndivyo moyo wangu ulivyotulia.

Saa sita mkaguzi akabisha hodi. Sisi tulikuwa benchini. Kutoka dirisha la mbele cherehani ilisikika ikienda. Ikasimama kidogo.

— Ingia, mwanangu. Nipo.