Benchi Lililovushwa Barabara

Asubuhi ile kijiweni walikuwapo hawa. Birika, muuza kahawa, mwenye benchi na jiko. Hakimu, ambaye hakuwahi kuwa hakimu; alikuwa tarishi wa mahakama hadi alipostaafu, na hukumu alizozibeba mikononi zikampanda kichwani. Redio, kinyozi, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mimi, karani mstaafu wa stoo, niliyezoea kusikiliza zaidi. Na kwenye ncha ya benchi, kama kila siku tangu alipopanga kibanda cha jirani, fundi cherehani tuliyemwita Kimya, akishona pindo kwa mkono. Juzi yake askari wa manispaa walikuwa wamevunja kijiwe cha kona ya pili, wakaondoka na jiko, vikombe na viti. Leseni sisi pia hatukuwa nayo. Kwa hiyo siku hiyo kila aliyepita tulimtazama mara mbili.

Redio alikuwa akieleza namna jiko litakavyopitishwa uani askari wakionekana, Kimya alipoacha kushona. Sindano ilisimama hewani. Macho yalituelekea bila kupepesa. Midomo ikatafunatafuna kitu kisichokuwamo, na vidole vya mkono wa kulia vikawa vinachezea kifungo cha shati. Baada ya kitambo akapepesa, akaitazama sindano kana kwamba amewekewa mkononi na mtu mwingine.

Kimya: Samahani, mlikuwa mnasemaje?

Redio: Tulisema jua kali.

Kimya: Na kabla ya hapo?

Redio aligeukia barabara. Kimya akakusanya vitambaa vyake taratibu, kama mtu aliyechoka ghafla, akaingia kibandani kujilaza.

Redio: Mmemsikia? Anataka turudie.

Hakimu: Ndivyo wanavyofanya. Ushahidi lazima uusikie vizuri kabla hujaupeleka.

Birika: Labda masikio yake mazito.

Redio: Mazito wapi. Mteja akimwita toka ng'ambo ya barabara, anaitika.

Birika: Basi anavuta bangi.

Hakimu: Mvuta bangi hucheka. Huyu amekukazia macho na midomo inatembea. Anakariri. Maneno yetu yote anayaweka kichwani.

Redio: Akariri ya nini, mzee, na kifungo anacho? Hamjaona anavyokibonyeza? Kila akiganda, mkono uko pale pale. Fundi cherehani, mwenye kopo zima la vifungo. Ungekuwa wewe, kinasa sauti ungekificha wapi?

Birika alishika kifungo cha shati lake mwenyewe, kisha akakiachia.

Mimi: Akiwa katika hali ile, yupo aliyewahi kumsemesha?

Redio: Mimi, jana. Namwita, niko hapa, yeye yuko hapo. Ananitazama kama natazamwa na ukuta.

Hakimu: Kwa hiyo hakuwa anakusikiliza wewe. Alikuwa anasikiliza upande wa pili. Anapokea maagizo.

Birika: Upande wa pili upi, mzee wangu?

Hakimu: Manispaa.

Birika alikuwa na watoto waliokula kwa jiko lile. Alishika ncha moja ya benchi, Redio akashika ya pili, tukavuka barabara hadi nyuma ya karakana ya kuziba pancha, mahali ambapo mlango wa Kimya hauonekani. Hakimu alituongoza. Mimi nilibeba vikombe.

Alasiri, tukiwa makao mapya, alikuja mwanamke tusiyemjua, amevaa aproni ya mpishi.

Mwanamke: Shikamooni, wazee. Mimi ni dada yake fundi. Nimekuta benchi halipo.

Redio: Tumefuata kivuli, dada.

Dada: Mdogo wangu amewakosea?

Hakimu: Atuambie mwenyewe anatazama nini.

Alituangalia mmoja mmoja, kisha akashusha sauti.

Dada: Hatazami kitu. Ana kifafa.

Hakimu: Binti yangu, kifafa nakijua. Mshtakiwa alianguka kizimbani mbele yangu, akapiga miguu, povu likamtoka. Huyu haanguki.

Dada: Hicho ni kimoja. Kuna cha kuduwaa. Ni kama umeme umeleta hitilafu chumba kimoja tu, kwingine taa zinawaka. Yuko hapo amekaa, midomo inatafuna, mkono unachezea nguo, na yeye hana habari. Akirudi hajui mlichosema. Ndiyo maana anauliza.

Redio: Na kifungo?

Dada: Kifungo gani?

Redio alipunga mkono, yapite.

Dada: Mara nyingine hitilafu inashika nyumba nzima. Hapo ndipo anaanguka, hasa akikosa usingizi, au dawa zikikosekana kliniki. Akianguka mnamgeuza ubavu apate hewa, hamumtii kitu mdomoni, hamumkandamizi. Na hakiambukizi.

Birika: Mbona hakutuambia, dada yangu?

Dada: Alikotoka alisema. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao, hata vilivyokwisha kukatwa.

Redio aliniinamia sikioni.

Redio: Wewe umewahi kumwona huyu? Aproni mtu yeyote anavaa.

Mwanamke alimsikia, akaendelea.

Dada: Mimi napika shuleni tangu alfajiri, siwezi kukaa naye. Muuguzi alisema asiwe peke yake muda mrefu. Kibanda kile nilikichagua kwa sababu ya benchi lenu. Sasa mko huku. Mchana nani anamwona?

Hakimu alichungulia kikombe chake. Birika alichochea jiko lililokuwa likiwaka vizuri. Mwanamke alisubiri, kisha akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Hakimu: Tungoje wiki hii ipite. Askari wasipokuja, benchi tunalirudisha.

Redio: Wasipokuja ndiyo nitamwogopa zaidi. Itakuwa amewaambia wasubiri.

Askari hawakuja. Siku ya Alhamisi, mteja aliyefuata suruali yake alimkuta Kimya kati ya cherehani na ukuta, uso umezama kwenye rundo la vitambaa. Alikuwa amefariki tangu asubuhi.