Mitego Arobaini na Ruhusa ya Delbert

Curtis, zima hiyo redio ukae. Renae, na wewe acha vyombo, havitakimbia. Muuguzi amesema moyo wangu umebakiza siku, hakusema ngapi, na mimi sikumuuliza, kwa sababu wiki hii hata kuvaa soksi ni kazi ya nusu saa. Kwa hiyo nitasema mchana huu, wakati bado naweza kumaliza maneno kabla pumzi haijaisha. Mama yenu msimkatize. Nakuangalia wewe, Curtis.

Mambo ya mali ni mepesi. Nyumba, kondoo na ardhi ya huku bondeni ni vya Renae, maana ndiye anayelala zizini kila Machi, mkono mzima ndani ya kondoo anayezaa. Curtis, malisho ya kaskazini ni yako, na bunduki ya baba yako, na lile friji kubwa la nyama ambalo mkeo analitamani tangu harusi. Nguo zangu zipelekwe kanisani, isipokuwa koti la mitego. Hilo lichomeni, linanuka mkojo wa mbweha na hakuna Mlutheri atakayelivaa.

Iliyobaki ni mitego, yote arobaini, na ndiyo niliyowaitia.

Curtis, najua umeshaihesabu kuwa yako. Unaamka mapema, baridi huisikii, na shabaha yako inamshinda baba yako alipokuwa kijana. Lakini kumpiga risasi koyote, huyu mbwa mwitu wa nyika zetu, kutoka kwenye pikapu ni jambo moja, na kumfanya aweke mguu mahali ulipotaka wewe, kati ya maili zote hizi za majani, ni jambo lingine. Mimi koyote sijawahi kumchukia, ingawa mwaka jana, kati ya Machi na Aprili, alitumalizia wanakondoo arobaini na saba. Nimemtega miaka thelathini na minne na bado namvulia kofia. Ukishika mtego kwa glavu uliyoishikia bomba la mafuta, atapita pembeni, atakojoa juu yake na kuendelea na safari zake. Anajua gari lako na gari la posta. Watoto wake anawalea pamoja na mume wake, na mume huyo analeta chakula nyumbani kila siku, jambo ambalo siwezi kulisema kwa kila mwanaume wa wilaya hii.

Mnyama wa namna hiyo unamtega kwa adabu. Sheria mnazijua, nimewaimbia tangu mkiwa wadogo. Koyote hana msimu, lakini mbweha mwekundu anao, na msimu ukipita unamwacha. Yule mbweha mdogo wa nyika, wa ukubwa wa paka, mwenye ncha nyeusi mkiani, haguswi mwaka mzima, kwa sababu wamebaki wachache. Chambo cha nyama unakifunika, maana tai anaona kutoka juu na tai hajakukosea kitu. Mtego unautembelea kila siku ya Mungu, hata ukiumwa, hata theluji ikifika kiunoni. Na kile kibati anachokanyaga mnyama unakikaza skrubu mpaka mfuko wa sukari wa ratili nne ukae juu yake bila mtego kufyatuka. Yule mdogo akipita, apite. Koyote akikanyaga, ameingia.

Sasa, Curtis. Novemba nilikwenda ghalani nikakuta skrubu zote zimelegezwa. Kijiko kimoja cha unga kingeifyatua mitego ile. Najua ulitaka kukamata wengi upesi kwa ajili ya dada yako, na nia yako sikuilaumu. Halafu ukaenda mjini Scottsbluff kutazama mpira wa kikapu, ukakaa siku mbili, na mitego iko mlimani. Niliizungukia mimi, na moyo huu huu. Ulirudi ukaniuliza mbona nimechoka.

Usiinamishe kichwa. Sikukuita nikuaibishe. Aibu ninayotaka kuitoa leo ni yangu, nayo ni kubwa kuliko yako.

Renae, nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Wote wawili mmekua mkijua kwamba Delbert Schock, jirani yetu wa ng'ambo ya seng'enge, alinifukuza kwenye ardhi yake kwa ugomvi wa geti, kisha akanishtaki kwa askari wa wanyamapori. Baba yenu alikufa akiamini hivyo. Curtis, vuli iliyopita Delbert alikuletea nyasi kavu trela zima ukamwambia azirudishe. Sikiliza vizuri basi. Delbert hakunishtaki. Delbert hakunigombeza hata kidogo.

Ilikuwa Januari kama hii. Renae alikuwa na miezi mitatu, kifua kimembana, anapumua kama paka. Curtis ulikuwa na miaka mitano. Baba yenu alikuwa amekwama mjini na theluji, simu imekatika, na mitego yangu kumi na miwili ilikuwa kule kwenye makorongo ya Delbert. Siku ya kwanza sikwenda. Ya pili sikwenda. Ya tatu nikasimama dirishani na mtoto mkononi nikilia, maana kwenda siwezi na kukaa siwezi.

Delbert alijua nina mtoto mgonjwa. Hakuna aliyemtuma. Alitembea kwa miguu maili kumi na moja, akang'oa mtego mmoja baada ya mwingine, na jioni akagonga mlango huu, masharubu yamekuwa barafu, mitego yote begani na kitu kidogo kimefungwa kwenye skafu yake. Alikuwa yule mbweha mdogo. Amekufa, mguu umeganda. Alimweka hapo mezani taratibu, kama anayeweka mkate. Kisha akaniuliza, "Sukari unayo, Arlys?" Nikadhani anataka kahawa. Akachukua mfuko, akatega mtego mmoja hapo sakafuni, akauweka juu. Ukafyatuka, sukari ikatapakaa mpaka chini ya jiko.

Akasema, "Mama wee, huu hata panya angeufyatua. Mbona hukuniuliza?"

Nikasema niliona haya.

"Sasa ona haya kidogo tena. Simu ikirudi, mpigie askari umwambie mwenyewe. Mimi simpigii. Na kwangu usitege mpaka uniletee mitego yako niipime. Ukileta, geti liko wazi." Akambembeleza Renae mpaka akalala, akafagia sukari yote, akaenda zake.

Nilimpigia askari. Leseni yangu ikachukuliwa mwaka mzima, na nilistahili. Lakini baba yenu aliporudi na kuuliza imekuwaje, sikuweza kumwambia kwamba niliacha mitego siku tatu. Nikamtupia Delbert lawama. Neno moja tu, nikidhani litapita. Halikupita. Baba yenu alimsimamisha Delbert kwenye chakula cha kanisa, mbele ya mchungaji na watu wote, akamwita mchongezi. Nilikuwa pale pale na sahani yangu. Delbert alinitazama mara moja, akajua nimesema nini, akageuka akamwambia baba yenu, "Sawa, Merle. Nisogezee hivyo viazi." Hakusema kingine, siku ile wala miaka thelathini na mmoja iliyofuata. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja. Sijapata kuona mtu wa namna hiyo, na nimeishi naye kwa jirani, nikimkwepa dukani.

Skrubu nilizikaza. Lakini kumpelekea azipime, ningemwambia nini baba yenu? Kwa hiyo hatukutega tena kwenye makorongo, na koyote wanazaa kule kule, wanashuka kula kwetu. Wanakondoo wote wale, Renae, ni wa uongo wangu. Delbert alikuwa akiwapunguza mwenyewe, lakini ana miaka themanini na mmoja, magoti yamekwisha. Kondoo wataanza kuzaa baada ya wiki sita. Bila ruhusa yake, hutabaki na kundi, mwanangu.

Basi neno langu ni hili. Curtis, pakia mitego yote arobaini, uende kwake leo. Mwambie niliyoyasema, yote, usipunguze. Muombe radhi ya nyasi zile. Akubali au asikubali, piga magoti pembeni yake umwangalie anavyochekecha udongo wa kuufunika mtego, maana anachekecha kama anapika keki ya harusi, na akiinuka huwezi kuona mahali alipogusa. Mitego atakayoipitisha ni yako. Asiyoipitisha ni ya Renae, aiuze vyuma chakavu. Na Agosti kusanyeni udongo mkavu kwenye vichuguu vya sisimizi, Januari ardhi haichimbiki...

Ngoja. Ngoja nivute hewa.

Unakwenda wapi? Buti hizo ni za... Sawa. Kofia, Curtis. Vaa kofia.

Renae, sogea. Nishike hapa. Ile ni minyororo ninayoisikia? Anapakia. Chungulia dirishani unieleze. Akifika barabarani, kushoto ni kwake, kulia ni kwa Delbert. Sitamlaumu akienda kushoto, ni mengi ya kumeza kwa mchana mmoja. Amefika? Amesimama? Mwache asimame.

Kulia.

Haya. Haya, mwanangu. Mpigie Delbert. Mwambie aweke kahawa, na asimfokee mpaka avue buti. Mwambie... Arlys anasema asante ya skafu. Hapana, mwambie samahani. Asante atapewa na Curtis.

Mungu awatunze wote wawili, na kondoo wako, na watoto wa Curtis. Na walioko makorongoni awatunze pia, kwa kiasi. Piga simu, Renae. Mimi nafumba macho kidogo.