Kumuaga Papa Casimir, Shofere wa Asubuhi za Mashika

Tarehe 31 Julai 1965 Papa Casimir Mwange anarudisha funguo. Miaka ishirini na saba ameitumikia kampuni yetu ya usafiri hapa Albertville, mji ambao tukiwa majumbani tunauita Kalemie tu. Wenzangu wameniomba mimi, Clémence wa biro, karani wa ofisi, niandike wasifu wake, kwa kuwa mashine ya kuandikia iko mezani kwangu na kwa kuwa, eti, hakuna neno linalonipita. Hilo la pili silikubali. Ila kweli meza yangu iko karibu na mlango wa mkubwa, na sikio halilali na njaa.

Papa Casimir alizaliwa kando ya ziwa, katika nyumba ya wavuvi wacha Mungu. Baba yake alimtaka majini, yeye akapenda harufu ya petroli. Aliingia kazini mwaka 1938 akiwa boyi-shofere, yule wa kuzungusha manivele ili mota iwake, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu na kulala juu ya mizigo. Taratibu akapanda hadi akashika usukani mwenyewe. Amebeba saruji ya kwenda Bendera walipokuwa wakijenga kituo cha umeme huko, amefika Kiambi kwa njia ambazo hata mbuzi angeuliza kwanza. Hajapindua gari hata siku moja. Vioo amevunja, ndiyo, na mlango mmoja wa kamiyo, lori lake, umebaki Kiambi mpaka leo, lakini gari lenyewe limerudi nyumbani kila mara.

Uhuru ulimkuta kwenye laini ya Pepa. Kwa asiyefika huko: Pepa iko juu kabisa, katika uwanda wa Marungu, kwenye nyasi na ng'ombe. Kamiyo yetu ilipanda na chumvi, sabuni na vitambaa, ikateremka na bidoni, yaani madebe, za krimu ya maziwa kwa ajili ya hoteli na hospitali za mjini. Sisi wa ziwani hatujui baridi. Tuna joto na mbu. Mtu wa kwetu akisikia habari za mashika, ile baridi kavu ya Juni na Julai inayochoma masikio, hudhani zinatiwa chumvi.

Asubuhi yake ya kwanza ya mashika, Papa Casimir aliwasha mota akaiacha katika ralanti, yaani gari limesimama na mota inazunguka polepole. Kamiyo ikaanza kutetemeka. Vioo viligongana, usukani ulicheza wenyewe, bidoni zikapiga kelele kule nyuma. Papa alifikiri kama anavyofikiri kila mtu wa ziwani akiona mwili unatetemeka: hii ni malaria. Akachukua blanketi lake, akaifunika kamiyo puani, akafunga kwa kamba. Na kweli, baada ya muda ikatulia! Wachungaji wa ng'ombe walimsifu sana. Bahati mbaya aliondoka bila kulifungua blanketi, na katikati ya mteremko maji ya mota yakachemka, kifuniko kikaruka, na shofere wetu akafika mjini na blanketi lenye tundu la kupitisha kichwa. Mafundi wa garaji walilitundika ukutani, wakawa wanamwuliza kila mara kama mgonjwa amepata dawa ya kinini.

Mafundi hao hao walimwambia alete gari walione likitetemeka. Kila alipolileta, lilisimama kwenye joto letu na kutulia kama mtoto mbele ya padri. Hatimaye Germain, mkuu wa garaji, alilala chini yake akaelewa. Mota imekalia vipande vya kaucho, yaani mpira, na kaucho ikizeeka inakauka. Hapa chini joto linailainisha kidogo. Kule juu alfajiri kaucho inakuwa ngumu kama kwato, na kila pigo la mota linaingia moja kwa moja kwenye mwili wa gari. Oili iliyoganda inaongeza shida, ralanti iliyo chini mno inaongeza nyingine. Germain alisema vipande vipya vitapatikana, Papa amkumbushe tu. Papa Casimir, ambaye anakumbuka majina ya wajukuu wa kila mfanyakazi wa kampuni hii, hakumkumbusha.

Alikuwa na sababu, na sababu hiyo inaitwa Mama Pélagie.

Mama Pélagie ni mke wake, mama wa binti yao Léonie. Kifua chake hakikupatana na unyevu wa ziwa. Alikohoa hadi tukaogopa, na daktari akasema aishi mahali pa juu au asiishi. Akarudi kwa ndugu zake karibu na Pepa, kwenye nyumba iliyo kando ya barabara, akalima viazi na kufuga ng'ombe wachache, na kikohozi kikamwacha. Papa alibaki huku chini na kazi. Kuiacha kabla ya wakati kungempotezea pansio, na bila pansio wangekula nini uzeeni? Basi aliomba laini ya Pepa, akapewa. Lakini amri ya kampuni ilikuwa kali: shofere analala Pepa, kwenye shamba la ng'ombe la kampuni, kando ya gari lake, na krimu inaondoka alfajiri kabla ya jua. Nyumba ya Mama Pélagie ilikuwa njiani tu. Majira ya mvua Papa alipita, akapokea salamu na kifurushi kupitia dirishani, akaenda zake.

Majira ya mashika mambo yalikuwa mengine. Kila mtu anajua kwamba kwenye baridi mota lazima ipate moto kabla ya mteremko, na ukiizima haiwaki tena bila kuwekewa makaa chini ya tumbo. Nani angemlaumu shofere kwa kusimama, akaiacha kamiyo katika ralanti, akangoja? Papa Casimir alisimama mbele ya nyumba ya mke wake. Kadiri kamiyo ilivyotetemeka, ndivyo alivyokuwa na haki ya kukaa.

Mimi nilipanda naye mara moja, Julai ya mwaka 1961, kumtembelea dada yangu. Nakumbuka asubuhi ya kuteremka kama mtu anavyokumbuka ndoto aliyoota usingizi wa pili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi, na ng'ombe walitokea ndani yake vichwa kwanza, miili baadaye. Nilibaki ndani ya gari nimejifunika vitenge vyote nilivyokuwa navyo. Kamiyo ilinitetemesha meno, kisha mabega, kisha sijui ilikuwaje, mtetemo ule ukanibembeleza. Macho yakawa mazito. Kwa dirisha lililokuwa likigongagonga niliwaona wawili wale wamekaa kwenye kizingiti na moto wao mdogo. Mama Pélagie alikuwa ameshika mkono wa mume wake ndani ya blanketi, wote wanaitazama kamiyo ikitetemeka, kama watu waliokaa kutazama mvua. Nilitamani mota ile isipate moto kamwe, nami sikuwa na sababu yoyote ila uzuri wa jambo lenyewe.

Sasa nifike kwenye siagi.

Mwaka 1962, mashika yalipoanza kukaza, hoteli ililalamika. Bidoni zilifika na mabonge ya njano yanaelea. Hospitali nayo ikalalamika. Shefu Edmond, mkubwa wetu wa usafiri, aliulizia Pepa, na kule lawama zikamwangukia Célestin, msimamizi wa maziwa: eti anaacha krimu ilale sana, eti anajaza bidoni nusu nusu. Célestin aliapa kwa Mungu na kwa mama yake. Haikusaidia. Shefu Edmond si mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kugombezwa na hoteli, akasema mwisho wa mwezi Célestin aondoke, yeye na watoto wake saba, watoke na kwenye nyumba ya kampuni.

Papa Casimir alizipata habari hizo Pepa, wakati wa kupakia. Célestin mwenyewe ndiye aliyemsaidia kuinua bidoni. Asubuhi hiyo Papa alisimama mbele ya nyumba ya mke wake kama kawaida, lakini hakwenda kwenye kizingiti. Alizunguka nyuma ya gari, akafungua bidoni moja, akatazama. Mota ikitetemeka, krimu ilikuwa inarukaruka ndani ya chombo, na punje za njano zilikuwa zimeanza kujikusanya mbele ya macho yake. Mtu yeyote aliyeona mwanamke akitikisa kibuyu cha maziwa angeelewa. Mama Pélagie alikuja akatazama naye, akaelewa kabla yake. Papa aliniambia baadaye maneno aliyoambiwa na mke wake, kwa Kiswahili chetu ambamo "njo" ni "ndiyo": "Baba Léonie, hii siagi njo yetu. Célestin iko na watoto. Wende useme."

Kusema ilikuwa na maana moja tu, na wote wawili waliijua. Kampuni ikijua kwa nini kamiyo inasimama pale, laini ya Pepa itapewa mtu mwingine.

Alifika mjini kesho yake, akaingia biro na vumbi lake lote. Mlango aliuacha wazi, na mimi nikaacha kupiga mashine. Alivua kofia akasema: "Shefu, siye Célestin. Njo mimi. Mashika ikikuyaka, motokari inatetemekaka mubaya, na mimi nasimama mbele ya nyumba ya bibi yangu, naikala na yeye. Nasemaka mota inapata moto. Mota inapataka moto zamani, mimi bado naikala. Krimu yote inageuka siagi sababu ya mimi."

Shefu Edmond alimtazama. Halafu alicheka, na biro nzima ikacheka, mpaka Mama Godelieve wa kasha, mshika fedha wetu, akalazimika kujipangusa macho. Papa Casimir hakucheka. Alisimama na kofia yake mkononi, na kicheko chetu kikakatika kimoja kimoja. Shefu akasema kwa sauti ya chini: "Papa, Célestin atabaki. Lakini weye, Pepa imekwisha." Papa akajibu, "Aksanti, shefu," akavaa kofia, akaenda kuosha gari. Nilijifanya natafuta utepe wa mashine, kumbe nalia.

Wiki ile ile Germain alibadilisha kaucho, akapandisha ralanti kidogo, na ugonjwa ukaisha. Ignace, shofere kijana, akapewa kamiyo iliyopona. Papa Casimir akapewa mizigo ya bandari na stesheni. Hakununa. Aliwafundisha madereva wapya kulisikiliza gari kwa nyayo za miguu, na wanne kati yao wako barabarani leo. Aliwafundisha pia kufungua blanketi kabla ya mteremko. Mke wake alimwona wakati wa likizo tu, mara moja kwa mwaka.

Ignace aliporudi na salamu za kwanza kutoka kwa Mama Pélagie, alizitoa mbele yetu sote, masikini, bila kujua anachobeba. Mama Pélagie alikuwa amemwambia hivi: "Mwambie Baba Léonie, motokari yenu imenyamaza sana siku hizi. Zamani naisikiaka toka mbali, naamuka, naweka maziwa kwa moto. Sasa inapita, mimi sijue." Papa alisema vizuri, vizuri, akamwuliza Ignace hali ya daraja.

Kisha ukaja mwaka wa vurugu, 1964. Barabara ilifungwa, na kwa miezi mingi hapakuwa na kamiyo, salamu wala likizo. Papa Casimir alibeba wagonjwa kwenda hospitali wakati wengine tulijifungia ndani, na hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Jioni alikaa kwenye ngazi za garaji akitazama upande wa kusini, ambako vilima vinakuwa bluu. Hakuna aliyemsumbua. Tulijua anachokiuliza. Barabara ilipofunguliwa, Ignace alipanda wa kwanza, akateremka na gunia la viazi lililoshonwa kwa uzi mwekundu, ushonaji wa Mama Pélagie. Papa aliupapasa ule uzi muda mrefu, akasema viazi vya mwaka huu ni vikubwa.

Papa Casimir, kwa niaba ya biro, garaji, bandari na wote waliowahi kusinzia ndani ya gari lako, tunakushukuru. Umetufikisha. Célestin ameniagiza niandike kwamba mwanawe wa mwisho anaitwa Casimir, na kwamba anatetemeka vizuri sana akioga maji ya asubuhi.

Jumatatu Ignace atakupandisha, na safari hii unakaa upande wa abiria. Shefu Edmond amemwagiza apige honi tangu kilima cha kwanza, asiache mpaka mlango ufunguke. Atashusha sanduku lako, atapakia krimu yake, atateremka. Mwache aende. Tunawatakia wewe na Mama Pélagie afya, viazi vikubwa, na mashika mengi ya kukaa pamoja kizingitini. Usiharakishe, Papa. Huku chini hakuna anayekungoja.