Mwalimu Ngojangoja, Aliyekatizwa na Mwanafunzi Wake

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Ngojangoja, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kitindamimba wa fundi cherehani na mkewe. Shule ya msingi alichapwa kwa kuandika kwa mkono wa kushoto, hadi akaogopa kalamu. Alipohitimu chuo cha ualimu mwaka 1979, aliapa kwamba fimbo haitaingia darasani mwake.

Aliamini kwamba mtoto hachelewi. Ni mkubwa anayekosa subira. Akishauliza swali, alikunja mikono akangoja. Wenzake walimtania, "Ngojangoja huumiza matumbo!" Naye akajibu, "Basi acheni langu liume."

Mwaka 1981 aliolewa na seremala, wakajaliwa mabinti wawili.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwapo mvulana mwenye kigugumizi. Darasa zima lilinyamaza mpaka amalize sentensi yake, hata kengele ikilia. Mvulana huyo alikula mezani kwetu, akamwita mama, akasomea ualimu, na mwaka 2012 akarudi akiwa mkuu wa shule. Marehemu alishonesha gauni jipya la kumpokea.

Mwaka uliofuata matokeo ya mtihani yalishuka. Mkuu huyo akawaambia wazazi mkutanoni kwamba kosa ni la mwalimu mmoja anayedekeza watoto. Marehemu akasimama ajieleze.

"Kaa chini, mwalimu," mkuu alimkatiza. "Hatuna muda wa kungoja."

Fimbo zikarudi madarasani. Mama akahamishiwa stoo ya vitabu, akakaa huko hadi kustaafu. Jioni ya mkutano ule alivua viatu mlangoni, akamwambia mumewe, "Angekuwa mtu baki, usingizi ungekuja." Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Mkuu alikuja hospitalini na mfuko wa matunda. Marehemu alimpokea kwa heshima, akamuuliza hali ya watoto wake, ila neno "mwanangu" hakulitamka. Mkuu alipotoka, binti mkubwa akauliza, "Mama, umemsamehe?"

"Nimejaribu. Bado."

Alifariki mchana wa tarehe 14 Juni 2024, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, dada mmoja na wajukuu watano. Aliagiza salamu za shule zisisomwe hapa, nasi tumetii. Lakini mwenye kutaka kutia udongo, na atie, hakumkataza mtu.

Lala, Mama. Amani uliyonyimwa kazini, uipate huko uendako.